Kazi Aliyoombewa Tampa

Ijumaa za Kwaresima ukumbi wa zimamoto wa Cheektowaga, nje kidogo ya Buffalo, hujaa watu wanaokuja kula samaki wa kukaanga mpaka mlango unashindwa kufungwa. Mafuta yanachacharika jikoni, watoto wanapita chini ya meza, na mzee mmoja mwenye kipaza sauti kibovu anaita namba za sahani kwa sauti ya mtu aliyechoka tangu asubuhi. Nje theluji ya Machi imeshageuka tope la kijivu. Ndani ni joto, makoti yaliyolowa, na harufu ya samaki na siki.

Rochelle Gadsden alikuwa ametoka moja kwa moja chumba cha upasuaji. Chini ya koti lake jekundu la sufu bado alivaa nguo za kijani za kazini, na hereni zake za dhahabu, mbili duara kubwa, alizivalia ndani ya gari. Alikuwa na njaa ya mtu aliyesimama siku nzima akipitisha mikasi na pamba. Namba yake iliitwa akiwa bado anatafuta haradali. Alipofika kwenye dirisha la kugawia chakula, sahani haikuwepo.

Aliikuta kwenye meza ya kona, mbele ya mwanamume mwenye ndevu za kahawia na jaketi la turubai, anatafuna bila wasiwasi.

"Samahani, kaka. Hiyo sahani ni namba ngapi?"

Mwanamume akatazama kikaratasi chake. "Sitini na nane."

"Mimi ndiye sitini na nane. Hebu kigeuze."

Akakigeuza. Akakitazama kwa muda mrefu kuliko kilivyostahili. "Themanini na tisa," alisema. "Lo. Nimekula samaki wako, dada."

"Umekula nusu. Hiyo nusu nyingine sogeza huku."

Alisogeza. Akavuta kiti kwa mguu, akampangusia kwa mkono wa jaketi. Aliitwa Emmett Nowicki, fundi umeme, mwanachama wa chama cha mafundi tangu ana miaka kumi na tisa, na mikono yake ilikuwa na makovu madogo ya moto kama mtu aliyenyunyiziwa mafuta. Alimwambia wakiita themanini na tisa, sahani nzima ni yake.

"Bado watu ishirini," Rochelle alisema.

"Basi una muda wa kunitukana vizuri."

Rochelle akacheka huku ameshika uma. Sahani ya themanini na tisa ilipofika waliila pamoja, na walipotoka nje alikuwa ameshampa namba yake ya simu, naye Emmett akaisoma mara mbili, akaigeuza karatasi juu chini, akaisoma tena. Hilo lilimchekesha Rochelle mpaka nyumbani.

Walipendana haraka, kama watu waliopita miaka thelathini na hawana subira ya kuigiza. Kufikia majira ya joto Emmett alikuwa amehamia kwenye nyumba ya Rochelle upande wa mashariki wa mji, nyumba ya mbao aliyoachiwa na shangazi yake. Alibadilisha nyaya zote za zamani chumba kwa chumba. Jioni walikaa barazani na mabawa ya kuku, wakibishana juu ya timu ya mpira, na Emmett akimpigia simu kutoka kazini kila saa sita mchana bila kukosa.

"Umekula, laazizi?"

"Nina mgonjwa mezani, Emmett."

"Sikuuliza mgonjwa. Nimeuliza wewe."

Kisha baridi ya kwanza ikaingia, na Emmett akabadilika.

Sisi wa huku tunamfahamu mtu aliyeingiwa na Florida, lile jimbo la kusini lisilojua theluji. Anaamka anasoma hali ya hewa ya mji asiokaa. Anasema "leo huko wamevaa kaptula" wakati wewe unakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Anaonyesha watu picha za nyumba zenye mnazi mmoja na bwawa dogo. Emmett alikuwa hivyo mwezi mzima wa Desemba, na mwishoni mwa Januari, theluji ikiwa imefika kwenye kingo za madirisha, aliweka simu yake juu ya meza ya jikoni.

"Florida. Mji wa Tampa," alisema. "Wanajenga kila mahali. Mafundi umeme wanatafutwa kama maji. Na manesi usiseme."

"Wanalipa kiasi gani?"

"Kodi ya jimbo hakuna kule."

"Sijauliza kodi. Nimeuliza mshahara."

Emmett akajikuna ndevu. "Fundi kama mimi, dola ishirini na sita kwa saa."

"Hapa unapata arobaini na moja."

"Hapa ninalipia gesi ya kupasha nyumba, matairi ya theluji, jaketi, mabuti—"

"Kwa hiyo mabuti yanakula dola kumi na tano kila saa?" Rochelle alisogeza kiti. Hakuwa amekasirika bado, alikuwa anaanza. "Nimeshaangalia, usifikiri sijaangalia. Nesi wa chumba cha upasuaji anapata thelathini na tatu, thelathini na nne. Mimi napata arobaini na sita, na nina chama, na nina pensheni. Kodi ya nyumba kule ni mara mbili ya hapa. Bima ya nyumba kwa sababu ya vimbunga, hata kuitamka naogopa. Hiyo kodi ya jimbo unayoisifia, bima inaimeza yote."

"Kwa hiyo maisha ni mshahara tu?"

"Anayesema hivyo huwa ni mtu ambaye mwenzake analipa bili."

Ilikuwa kauli mbaya, na alilijua hilo ikiwa bado inatoka. Emmett alisimama, akaenda dirishani, akatazama nje ambako njia ya gari ilikuwa imefunikwa kabisa. Rochelle alidhani amenuna. Hakumwona usoni, na kama angemwona, sehemu kubwa ya yaliyofuata isingetokea.

"Twende wiki moja tu," Emmett alisema bila kugeuka. "Likizo. Uone kwa macho yako."

"Likizo," Rochelle alisema. "Likizo sina neno nayo."

Walifika Tampa katikati ya Februari. Lazima nikiri jua lile lilikuwa tamu. Rochelle alivaa gauni la njano lenye mikono mifupi ambalo Buffalo lingebaki kabatini mpaka Juni, na kofia pana ya ukili aliyoinunua uwanja wa ndege. Siku mbili walikuwa kama watoto. Walikula sandwichi za Kikuba mkononi, siagi ikiwachuruzikia, na Emmett alimwita "malkia wa mnazi" mbele za watu, naye akamwita "Bwana Jua," na wote wawili walifikiri ugomvi wa Januari ulikuwa wa baridi tu.

Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, Rochelle alikuwa amejilaza kando ya bwawa la hoteli simu ilipolia. Namba ya Tampa.

"Bi Gadsden? Nakupigia kutoka hospitalini, idara ya ajira. Nakukumbusha tu usaili wako wa leo saa nane mchana. Wasifu wako umetuvutia sana."

"Wasifu wangu," Rochelle alisema.

"Ndiyo. Na ile barua yako nzuri, kwamba wewe na mwenzako mmeamua kuhamia kwenye jua."

Rochelle alishukuru kwa adabu. Hakujua kwa nini alishukuru. Akaweka simu kwenye paja, akakaa akitazama maji. Emmett alikuja na glasi mbili za maji ya machungwa, viatu vya mpira vikipiga pwata pwata.

"Emmett. Nani aliandika barua?"

Glasi zilisimama hewani.

"Nilitaka kukuambia asubuhi," alisema.

"Uliutoa wapi wasifu wangu?"

"Kwenye kompyuta yako. Rochelle, sikiliza. Ni kusikiliza tu wanachosema. Hujafungwa na kitu."

"Umeandika kwa jina langu. Umesema nimeamua." Sauti yake ilikuwa ya chini, ile anayoitumia kazini daktari anapokosea. "Umejifanya mimi."

"Kama ningekuuliza ungesema hapana."

"Hiyo ndiyo maana ya kuuliza."

Alinyanyuka, akavaa ndala, akachukua funguo za gari la kukodi mezani. Emmett akauliza anakwenda wapi.

"Kwenye usaili wangu," alisema. "Si umeniombea? Acha nikasikie bei yangu."

Alikwenda vilevile, na gauni la njano na kofia ya ukili. Msimamizi aliyempokea alikuwa mwanamke wa makamo mwenye meno meupe sana na koti la rangi ya zambarau, na hakuonyesha kushangaa. Pengine alizoea. Alimsifu, akamweleza vyumba vya upasuaji, mashine mpya, maegesho ya bure. Rochelle aliuliza mshahara. Thelathini na tatu. Aliuliza zamu za kuitwa usiku. Nyingi. Aliuliza kama kuna chama cha manesi. Mwanamke akatabasamu zaidi.

"Wengi wanatoka kwenu kaskazini," alisema. "Tunawaambia, jua nalo ni sehemu ya malipo."

"Na mwenye nyumba wangu," Rochelle aliuliza, "atapokea jua?"

Mwanamke alicheka. Kisha akaacha kucheka kwa sababu Rochelle alikuwa anangoja jibu.

Emmett alikuwa amekuja kwa teksi na kumngojea kwenye maegesho, amesimama juani na shati lililolowa mgongoni. Rochelle alimwona, akajua kabla hajafungua mdomo kwamba bado kuna lingine.

"Sema lote," alisema. "Lote, hapahapa."

"Nimeshakubali kazi," Emmett alisema. "Kwa mkandarasi mmoja, Stroud. Ninaanza mwezi ujao."

"Na nafasi yako kwenye chama?"

"Nimeiachia."

Watu walikuwa wanapita na maua na maputo ya kuwapelekea wagonjwa. Rochelle alivua kofia, akaikunja kama gazeti.

"Miaka yote hiyo. Umeitupa bila kunitazama machoni. Unajua mama yangu alifanya nini? Alimfuata mwanamume mpaka mji wa Phoenix. Naye alipendwa, naye aliambiwa kuna jua. Aliacha kazi ya posta, kazi ya serikali, Emmett, akaenda kuuza fulana za watalii. Alirudi Buffalo na sanduku moja na mimi mkononi, akaanza chini kabisa, chini ya wasichana aliowafundisha yeye mwenyewe kazi. Alikufa bado anadaiwa. Mimi niliapa nikiwa mdogo kwamba hakuna mtu atakayeniamulia mkate wangu. Na wewe hujaniamulia tu, umenitilia na saini."

"Mimi si huyo mwanamume."

"Yule angalau alimwomba mama aende. Wewe hukuomba."

"Rochelle, mimi siwezi tena baridi moja pale. Siwezi."

"Kwa sababu gani? Nipe sababu moja yenye akili."

Emmett alifungua mdomo. Akaangalia chini kwenye lami. "Nimeichoka tu," alisema.

"Umeichoka," Rochelle alisema. "Haya. Kaa na jua lako."

Aliruka kurudi kaskazini jioni ileile, gauni la njano chini ya koti jekundu, na kwenye ndege mama mmoja alimuuliza kama alifurahia likizo.

Emmett alibaki. Alikodi chumba cha uani kwa mjane wa Kikuba aliyeitwa Odalys Ferrer, mama wa miaka sabini na kitu mwenye magoti mabovu na mdomo mzima. Alinunua pikapu kuukuu kwa akiba yake, akaanza kazi kwa Stroud, juu ya mapaa ya majengo mapya, akilaza mabomba ya nyaya chini ya anga isiyo na wingu.

Saa sita mchana aliendelea kupiga simu Buffalo.

"Umekula?" aliuliza.

"Unauliza kama nani?"

"Kama mimi."

"Wewe ni nani siku hizi? Kwa sababu mara ya mwisho ulikuwa mimi."

Wakati mwingine Rochelle alikata simu hapo. Wakati mwingine aliiacha wazi, Emmett akisikia kengele za hospitali na Rochelle akisikia upepo wa juu ya paa. Hasira ya Rochelle haikupoa, ilimsindikiza kazini na kumrudisha. Alilala upande wake wa kitanda tu, kisha akikumbuka kwamba kitanda chote ni chake, akazidi kukasirika.

"Kazi vipi?" Rochelle aliuliza siku moja mwezi Mei.

"Raha tupu," Emmett alisema.

Alikuwa anadanganya. Joto la Mei lilikuwa limeshashuka juu ya mapaa kama kifuniko cha sufuria. Stroud alikata malipo ya mtu aliyeshuka kunywa maji zaidi ya alivyoruhusu. Saa za ziada alizilipa kama saa za kawaida, na aliyelalamika aliambiwa kuna watu kumi getini wanaitaka nafasi hiyo. Hakukuwa na chama cha kumwendea. Mwisho wa mwezi, Emmett akishalipa chumba, mafuta ya gari na chakula, alibaki na kidogo kuliko alichokuwa akibaki nacho akiwa mwanafunzi wa kazi. Jioni alilala sakafuni kwa sababu kitanda kilimchoma mgongo. Lakini kumwambia Rochelle ilikuwa sawa na kumpa ushindi, na kiburi ndicho kitu pekee ambacho Stroud hakuwa amekikata.

Juni, simu ya saa sita haikuja. Kesho yake haikuja. Siku ya tatu Rochelle alipiga mwenyewe, huku anajilaumu, na mwanamke akapokea.

"Emmett amelala," mwanamke alisema.

"Amelala mchana huu?"

"Amelala. Nani mwenzangu?"

"Na wewe ni nani unayepokea simu yake?"

"Odalys. Aa," ile sauti ilisema, "wewe lazima ndiye yule wa theluji."

Rochelle alikata. Alikaa kwenye ngazi za nyuma za hospitali. Kumbe kuna mwanamke. Ndiyo maana jua. Ndiyo maana barua, na uongo, na "nimeichoka tu." Simu ilipolia tena kwa namba ya Emmett hakuipokea. Aliporudi nyumbani alitia nguo zote za Emmett kwenye mifuko ya taka, mashati, soksi, ile kofia ya timu, akaiburuza mpaka barazani. Simu ikalia tena, namba ngeni. Akapokea ili apate wa kumfokea.

"Usikate," ile sauti ilisema. "Mimi nina miaka sabini na mmoja, magoti yangu yote mawili ni mabovu, na nimekopa simu kwa jirani kwa ajili yako. Ukikata nitakuja huko kwa basi nikuchape."

Rochelle hakukata.

"Huyu mtu wako ameanguka juu ya paa," Odalys alisema. "Joto limempiga. Walimshusha kama gunia. Amewekewa dripu hospitalini, na alipotoka yule Stroud akamwambia asirudi, mtu anayeanguka ni hasara. Yuko uani kwangu hana nguvu ya kusimama, na amenikataza nisikuambie. Mimi sikatazwi na mpangaji. Sasa kama unamtaka njoo. Kama humtaki sema, nimtafutie binti wa dada yangu."

"Nakuja," Rochelle alisema.

"Vizuri. Leta hiyo hasira yako pia, anaihitaji."

Aliileta. Alifika asubuhi, amevaa suruali ya jinzi na blauzi nyeupe iliyokunjamana kwa safari, akapita kando ya Odalys aliyekuwa anamwagilia maua, akamkuta Emmett kwenye kiti cha kamba chini ya kivuli cha paa la uani. Alikuwa amekonda. Ngozi ya pua na masikio ilikuwa inabanduka. Rochelle alimshika mkono kwanza, akapima mapigo, akamvuta kope chini akaangalia rangi, akambana ngozi ya mkono kuona kama ina maji. Aliporidhika kwamba hafi, akamwachia.

"Mjinga wewe," alisema.

"Najua."

"Hujui. Nyamaza. Ulisema ni raha tupu."

"Ningesemaje?"

"Ungesema unakufa. Ningekuja siku ileile, na bado ningekufokea, lakini ungekuwa na maji mwilini." Alikaa kwenye ngazi, mgongo kwake. "Niambie sasa. Na usiniambie umeichoka baridi. Mtu hatupi maisha yake yote kwa sababu ya kuchoka."

Odalys alifunga maji, akaingia ndani bila kuombwa.

"Ni baba," Emmett alisema.

"Ulisema alikufa kwa moyo."

"Kwa moyo, ndiyo. Alikuwa anaondoa theluji mlangoni. Mimi nilikuwa dirishani, nimekataa kutoka kumsaidia, nilikuwa nimeamka vibaya. Nikamwona anaegemea beleshi. Nikadhani anapumzika. Halafu akakaa chini. Nikadhani ananiigizia, anitie aibu nitoke. Nikamwacha. Alikuwa na umri nitakaoufikia mwaka ujao." Alikuwa anaongea akiangalia mikono yake. "Kila theluji inapoanguka, Rochelle, naisikia kifuani. Nikishika lile beleshi lako nahesabu pumzi. Mwaka jana nilikaa ndani ya gari mbele ya nyumba yetu nikashindwa kushuka. Ningekuambiaje? Mwanamume mzima anaogopa theluji, na anaishi Buffalo?"

Rochelle aligeuka. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hasira pia, na hakujua ipi itangulie.

"Kwa hiyo ukaona rahisi kujifanya mimi," alisema. "Ukaona rahisi kuacha chama, na arobaini na moja kwa saa, na kitanda chako, na mimi. Ukaja huku kukaangwa juu ya paa kwa ishirini na sita. Emmett, kuna mzee mtaani kwetu ana gari la kusukuma theluji. Analipwa kila baridi, anasafisha mtaa mzima. Ningempigia simu. Simu moja tu. Ungeniambia sentensi moja, nami ningepiga simu moja."

Emmett alimtazama. Kitu kama kicheko kikamjia, kikakwama, kikageuka kilio, na alilia kama wanavyolia watu wasiojua kulia, kwa kikohozi na kwikwi. Rochelle alipanda akakaa kwenye mkono wa kile kiti, akamkumbatia kichwa, huku bado anamwambia maneno makali juu ya nywele zake.

"Hofu si simu moja," Emmett alisema baadaye.

"Najua. Lakini ndiyo mwanzo wake. Na mwingine ni kuzungumza na mtu anayejua mambo ya kichwa, na utakwenda, na hilo sikuombi."

"Chama wameniambia nikirudi nianze mwisho wa orodha. Kama mgeni. Inaweza kuwa mwaka mzima."

"Basi utaanza mwisho wa orodha. Mimi sikukutoa huko."

"Na wewe hutaki kujaribu huku? Hata sehemu nyingine, hata wakilipa zaidi?"

"Siku wakinilipa arobaini na sita na kunipa chama, niulize," Rochelle alisema. "Niulize mimi. Mdomo ninao."

Odalys aliwapikia wali na maharage meusi, akakataa kodi ya wiki ya mwisho, akambusu Emmett kwenye paji la uso na kumwambia Rochelle kwamba binti wa dada yake angekuwa mpole zaidi. Asubuhi iliyofuata waliondoka na pikapu ya Emmett, vifaa vya kazi vikigongana nyuma. Walipita jimbo la Georgia wakigombana. Rochelle alirudia habari ya barua, neno kwa neno, kwa sauti ya kuigiza, "mimi na mwenzangu tumeamua," na Emmett alisema pole kila mara, na mara moja alichoka akasema ameshasema pole vya kutosha, na hapo wakafika mpaka wa Carolina bila kuzungumza.

Walisimama kuweka mafuta West Virginia, milima ikiwa ya kijani kibichi pande zote. Rochelle alitoka dukani na vikombe viwili vya kahawa. Emmett alikuwa amesimama kando ya pampu, mkono mmoja kwenye mlango wa gari, fulana yake imepauka kwa jua la Tampa.

"Rochelle."

"Nini."

"Nina swali. Nilitaka kungoja tufike, lakini nikingoja nitaanza kupanga, na nikipanga naharibu. Utakubali tuoane?"

Alimtazama. Nyuma yao gari jingine lilikuwa linangoja zamu.

"Kazi huna," alisema.

"Sina."

"Akiba umeila."

"Yote."

"Na mimi bado nimekukasirikia. Si kidogo. Nitakuwa nimekukasirikia mpaka Buffalo, na pengine mpaka Krismasi."

"Najua."

Rochelle alikunywa kahawa. Ilikuwa mbaya, na alikunywa tena. "Lakini hili umeuliza," alisema. "Hujanijibia."

"Sijakujibia. Nangoja."

Alimwacha angoje. Alimaliza nusu kikombe, akatazama milima, akatazama yale masikio yake yanayobanduka. Gari la nyuma likapiga honi mara mbili, na Emmett hakugeuka.

"Ndiyo," Rochelle alisema, kwa sauti ileile aliyokuwa akimfokea nayo tangu Georgia. "Nipe funguo. Naendesha mimi."